Mkoa Alikokwenda Bruda Optatus

“Wetu huyuhuyu, Padri? Optatus wa Mama Bibiana?! Hapana! Hapana bwana, juzi tu kaniandikia eti baridi imemng’ata masikio, akaweka na vicheko juu yake. Mtu anayecheka hivyo anakufaje?”

Stamili alikuwa nyuma ya bafu la makuti, mswaki mkono mmoja, simu mkono mwingine, povu la dawa likimchuruzika kidevuni. Kijijini Makote ndiyo kwanza kunapambazuka. Jumapili. Huko alikokuwa Padri Edmund, mwisho wa dunia kabisa, bado ilikuwa Jumamosi usiku, na sauti yake ilikuja ikikatika kama mtu anayeongea huku anatafuna mchanga. Mvua, alisema. Mvua ya wiki nzima. Mlima umeporomokea barabara. Bruda alikuwa anapeleka mabomba ya maji bondeni, gari lote limefunikwa. Wamemtoa jioni. Mjulishe mjomba wake, Stamili, wewe ndiye namba aliyotuachia.

Ndiyo, namba ilikuwa ya Stamili, kwa sababu Mama Bibiana alikuwa na kitochi tu, na kitochi hakionyeshi sura. Kila Jumapili jioni Optatus alipiga kwa Stamili, Stamili akavuka ua mbio, mama akaona sura ya mwanawe kwenye kioo akaanza kumkemea kwamba amekonda. Mwaka mzima hivyo.

“Inna lillahi,” Stamili akasema, simu ilishakatika. Halafu akapiga simu Nanganga, kwa mjomba wa Optatus.

“Shikamoo mjomba Yeremia.”

“Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa na nyuki?”

Akamwambia.

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi na wewe, mjomba.”

“Ibaki hivyo. Dada yangu asisikie mpaka nifike mimi. Naanzia Mkomaindo kwa wakubwa wa ukoo, wale huwaambii kwa simu, utaonekana umewadharau. Tutalala Masasi, kesho asubuhi tupo hapo. Unanisikia?”

“Mjomba, lakini mimi na habari...”

“Nakujua! Wilaya nzima inakujua. Ndiyo maana nakwambia kwa ukali. Kaa naye leo. Hakikisha anakula. Mtu mwenye njaa haambiwi msiba, na mama haambiwi kifo cha mwanawe na mtoto wa jirani.”

Kweli walimjua. Stamili alikuwa na cheti cha ualimu, jiografia na Kiswahili, na alikuwa nyumbani mwaka wa pili akisubiri ajira ya serikali, na katika kusubiri huko mdomo wake ulifanya kazi ya redio. Mimba ya binti wa katekista ilitangazwa kisimani kabla binti mwenyewe hajamaliza kuhesabu siku zake. Matokeo ya darasa la saba, uhamisho wa daktari, nani kaonekana na nani mnadani Newala, vyote kwa Stamili. Habari ikimwingia humwasha kama upupu. Hana ubaya, watu walisema, ila ana koo fupi.

Lakini kifo si habari ya kisimani. Kifo kina mlango wake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mtoto, huyo ndiye anafungua mlango. Anafika asubuhi, anakaa, anauliza hali, wanawake wa ukoo wanajisogeza mmoja mmoja mpaka mama amezungukwa pande zote bila kujua, ili akianguka aangukie mikono. Dominika wa nyumba ya chini hakupata heshima hiyo. Mumewe alipofia Masasi, Mahmudu wa bodaboda ndiye aliyemkuta njiani na kuni kichwani, akapunguza mwendo, “Pole sana mama kwa msiba,” akaondoka zake. Dominika alianguka na mzigo. Mpaka leo ukimsalimia anakutazama kwanza mdomo. Na Mahmudu, wazee wakikaa kwenye mkeka yeye hukaa pembeni na pikipiki yake, hakuna aliyemfukuza na hakuna anayemwita.

Stamili aliyawaza yote hayo. Aliapa. Akasukutua, akaingia jikoni, na kabla maji hayajachemka akawa amemwambia mama yake.

Mama mzazi si mtu wa kuhesabiwa, au sivyo?

Mama yake, Rahima, hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akafunga kanga yake ya pili kiunoni, akasema, “Mtoto wa watu, mimi nilimnyonyesha yule mamake alipougua.” Kisha akanyanyuka, akachukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta, akauingiza ndani na kuulaza chini ya kitanda. Baadaye Stamili alimwona akiongea na jirani kwenye kona ya ua, vichwa vimekaribiana, kidogo tu.

Mchana, Mama Bibiana aliporudi misa, Stamili alivuka ua na sahani imefunikwa na sahani. Ugali wa muhogo na mbaazi za nazi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwalimu. Leo ni mimi naletewa? Ajira imetoka?”

“Haijatoka.”

“Basi mchumba katoka.”

“Mama nawe! Kula tu.”

“Nitakula. Weka hapo. Kanisani tumepewa chai na maandazi, bado naibeua.” Alikuwa mwanamke mwembamba wa miguu mirefu, na alishaketi mkekani chini ya mkorosho wake, korosho za jana zimetawanywa mbele yake, anachagua zilizooza na kuzitupa nyuma bila kugeuka. Mabibo yaliyonyofolewa yalikuwa yamerundikwa pembeni, yananuka utamu mchachu, na nyuki wake. “Kaa, nisaidie. Na simu umekuja nayo?”

“Ninayo, ila chaji...” Stamili alikuwa ameizima tangu asubuhi.

“Iweke hapa hapa katikati, tusije tukaikosa sauti.”

Akaiweka katikati yao, juu ya mkeka, nyeusi.

Sasa ndipo Mama Bibiana alipoanza. Labda ni mahubiri ya padri siku hiyo, yalihusu wamisionari. Labda ni nafsi tu. “Stamili, wewe umesoma jiografia. Optatus nikimuuliza kukoje ananiambia ‘kuzuri, mama’, mtandao unakatika. Mwaka mzima najua mwanangu yuko mahali kuzuri. Kuzuri ndiyo wapi? Niambie vizuri mimi nipaone.”

Na hapo, Mungu anisamehe, Stamili alifurahi. Maana tangu asubuhi maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kwenye meno, na sasa amepewa mahali pa kuyamwaga yasipodhuru. Aliingia kwa miguu miwili.

“Nchi inaitwa Ekuador, mama, iko Amerika ya Kusini, na mkoa wake yeye ni Carchi, wa mwisho kabisa kaskazini. Mkoa wa mpakani kama sisi! Wao juu ya milima, sisi juu ya nyanda, na wote tukisimama ukingoni tunatazama nchi ya watu. Ng’ambo yao ni Kolombia.”

“Kama sisi na Msumbiji.”

“Kabisa. Ila Ruvuma yao ni kamto, kanaitwa Carchi vilevile, na kana daraja ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Ni mwamba, mto umejitoboa njia chini yake. Watu wanavuka hapo tangu enzi za mababu. Siku hizi wamejenga na daraja la kisasa. Bidhaa ikishuka bei upande ule, wote wanakimbilia upande ule, ikishuka huku, wanarudi. Undugu uko pande zote mbili.”

“Serikali inaweka mpaka, bibi anaweka wajukuu,” Mama Bibiana akasema. “Endelea. Anatawala nani?”

“Wakubwa wawili. Mmoja gavana, anateuliwa na Rais, anakuja na amri zake kama mkuu wa mkoa wetu. Mwingine wananchi wenyewe wanampigia kura, wanamwita prefekti. Chini yao kuna kama wilaya, sita. Na chini ya wilaya kuna kata, na unajua kata zao zinaitwaje? Parokia!”

“Toka!”

“Haki ya Mungu. Parokia ya serikali. Ina viongozi wake wa kuchaguliwa.”

Mama Bibiana alicheka mpaka korosho zikamwanguka mapajani. “Sasa mwenyekiti akila michango anaungama kwa nani? Hee! Na huyo wa kura, prefekti, yeye kazi yake nini, kama gavana yupo?”

“Yeye ndiye wa miradi ya vijijini, na bara...”

Akajizuia hapo.

“Na nini?”

“Barabara, mama.”

“Anazitengeneza vizuri? Optatus kila siku yuko barabarani na mabomba yake.”

Stamili aliokota korosho moja akaigeuzageuza kama anatafuta jina lililoandikwa juu yake. Ulimi ulikuwa pale pale nyuma ya meno. “Milima mikali,” akasema. “Wanajitahidi. Mama, kula, ugali unapoa.”

“Utapoa tu, na mimi nitaula. Na watu wake?”

Watu! Afadhali watu. Alieleza mji wa Tulcán, makao makuu ya mkoa, juu kiasi cha mita elfu tatu, mgeni akipanda ngazi anahema kama mzee. Watu wengi wa huko wamechanganya damu ya Kihispania na ya wenyeji wa kale. Wanalima viazi, wanakamua ng’ombe, wanavaa blanketi lenye tundu la kichwa. Magharibi, milima inakoshukia msituni, wako Waawá, wenyeji hasa, wenye lugha yao. Na siku ya sherehe wanachoma mnyama fulani...

“Mama, ni panya!”

“Panya?”

“Kamnyama kanene, hakana mkia, wanakafuga jikoni. Optatus alinitumia picha, kako kwenye kijiti, meno nje. Kaniandikia: ‘Waambie Makote nimefika nyumbani.’”

Hapo Mama Bibiana alilala kabisa juu ya mkeka kwa kicheko. Maana watu wa mikoa mingine walivyowatania Wamakonde na Wamakua kwa ajili ya kula panya! Alipokuwa seminari Optatus alipigana kwa ajili ya utani huo. “Kumbe Mungu ana watu wake kila mahali,” akasema, akijifuta macho. “Na sisi weusi tupo?”

“Tupo. Bondeni, kwenye joto, ng’ambo ya milima. Babu zao waliletwa utumwani kulima miwa. Wana ngoma yao, wanawake wanacheza na chupa kichwani, haimwagiki tone. Na kuna kijiji wanawake wanafinyanga vinyago vya nyuso kwa udongo. Optatus anasema siku ya kwanza kushuka kule alikaa kwenye benchi na wazee, hakuna aliyemshangaa. Walimuuliza tu, ‘Wewe wa familia gani?’ Akajisikia vibaya kuwaambia si wa familia yao.”

“Angewaambia ndiyo.” Mama Bibiana hakucheka sasa. “Hao ndio anaowapelekea maji?”

“Hao. Juu maji yamejaa tele, bondeni kukavu. Yeye anayashusha.”

“Mtoto wa Makote,” mama akasema polepole, “aliyekuwa analala foleni ya maji na ndoo kichwani kama kofia. Nilimwambia kasomee upadri, akasema hapana, mimi bruda, nataka kufunga mabomba. Basi amekwenda kuishi kwenye maji.”

Stamili alitazama mabibo. Nyuki walikuwa wengi. Habari hii haikuwasha kama upupu, ilikuwa kama jiwe la chumvi. Aongee. Aongee chochote.

“Na kule juu kwenye ukungu, mama, kuna mmea. Hauko kwetu. Unasimama mrefu kama mtu, shina limevaa majani yake makavu kama kanzu, na majani mabichi juu yana manyoya, laini, kama sikio la sungura. Yako maelfu, yamesimama mlimani kimya. Na jina lake kwa Kihispania ni kama kusema, bruda mkubwa. Mtawa.”

“Kwa hiyo hayuko peke yake.”

“Hayuko peke yake. Na mjini wana bustani, sijawahi kuona, miti imekatwa kwa mkasi ikawa tembo, ikawa ndege, matao, nyuso za watu, yote kijani, watalii wanatoka mbali kuja kuangalia. Optatus kasema akipata nafasi anakaa pale, pametulia, ndiyo maka...”

Safari hii hakuliwahi. Nusu ya neno ilishatoka, ikakaa pale mkekani pamoja na simu.

“Makaburi,” Mama Bibiana akamalizia. “Ni makaburi, siyo?”

“Ndiyo mama. Makaburi ya mji.”

“Wanayatunza namna hiyo.”

“Sana.”

Mama Bibiana akarudi kuchagua korosho. Nzuri mbele, mbovu nyuma. Mbovu nyuma. Jua lilikuwa limeshuka upande wa korongo la Shimo la Mungu, kivuli cha mkorosho kikanyooka mpaka mlangoni kwake. Ni saa ile ya kupigiwa simu. Hakuitazama simu hata mara moja, na Stamili, aliyekuwa ameandaa uongo wa mtandao na uongo wa chaji na uongo wa kadi ya simu, akaona hakuna anayemuuliza.

“Stamili.”

“Abee.”

“Leo Makote watu hawali kisamvu?”

“Sijaelewa, mama.”

“Sikiliza.”

Stamili akasikiliza. Jogoo wa mtu. Redio ya mbali. Pikipiki ikipanda kuelekea Newala. Hakuna kingine. Na hapo akang’amua, kwa sababu Jumapili saa hizi, nyumba hii na ile, vinu huwa vinajibizana. Kisamvu cha jioni, mama mmoja anapiga mawili, mwenzake anadakia, wasichana wanapiga makofi mchi ukiwa hewani. Leo hakuna. Mama yake alimwambia jirani. Jirani naye kamwambia jirani. Hakuna aliyefungua mdomo mbele ya Mama Bibiana, wote walimwamkia vizuri akitoka kanisani, wote walitunza siri kama mayai. Lakini huku kwetu penye msiba jirani hatwangi. Hata kama mwenye msiba hajaambiwa. Mkono unakataa wenyewe. Na mtaa mzima ulikuwa umelaza michi chini ya vitanda kwa heshima, ukadhani umenyamaza.

“Tangu nimerudi misa nasikiliza,” Mama Bibiana alisema. “Nikasema, labda amekufa mzee wa mtu. Lakini angekuwa mzee wa mtu ningeitwa nikapike. Sikuitwa. Nimeletewa ugali.”

“Mama...”

“Usiseme!” Aliinua mkono, kiganja kimepauka kwa utomvu wa korosho. “Usiniambie kitu, mwanangu. Kaka yangu anafika lini?”

Stamili, redio ya wilaya, alijibu kwa maneno mawili tu.

“Kesho asubuhi.”

“Na wakubwa?”

“Pamoja nao.”

“Sawa.” Mama Bibiana alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei akaikubali bila kubishana. “Basi mpaka kesho asubuhi mimi nina mtoto.”

Akavuta sahani. Akafunua. Ugali ulikuwa umekauka juu, mbaazi zimeganda nazi. Akanawa mkono kwa maji ya kikombe, akamega, akachovya, akala. Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, hakuacha, mpaka akafuta sahani kwa kidole. Kaka yake alitaka ale. Amekula. Stamili alikuwa analia bila sauti, machozi yakiangukia korosho nzuri, na Mama Bibiana alimwona, akamwacha, hakumuuliza analilia nini.

“Vile vibruda vya kwenye ukungu,” akasema alipomaliza. “Nirudishie hapo. Vimesimamaje?”

“Vimesimama, mama, mlima mzima. Asubuhi ukungu ukipanda unaona vichwa tu.”

“Vinasogea?”

“Upepo ukipita, ndiyo. Kidogo.”

“Na baridi. Ana sweta?”

“Lile la bluu ulilofuma. Kwenye picha zote amelivaa.”

“Halafu akishuka?”

“Akishuka kunaanza joto. Anavua sweta. Anaona miwa...” Njia yote ya kushuka ilikuwa mbele yake, kona kwa kona, mvua, udongo mwekundu, na hakujua apitie wapi ili afike bondeni na Optatus akiwa mzima.

Mama Bibiana alinyoosha mkono akachukua simu nyeusi, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akamwekea Stamili mapajani. “Imebaki nini kusimulia?”

“Imebaki njia, mama. Njia ya kushukia bondeni.”

“Hiyo si ya leo.”

“Hapana mama. Kesho. Mjomba akishaongea yeye, mimi nitakaa hapahapa kwenye mkeka nikusimulie njia yote, nisikufiche hata kona moja.”